Upanga Chini ya Kitanda cha Mzazi

Laiti nyumba ile ingekuwa na visu viwili, pasingekuwa na la kusimulia. Lakini Bi Masouda na watu wake waliingia Maskati na kisu kimoja tu, na kisu hicho ndicho kilichokata vitunguu, ndicho kilichopasua samaki, ndicho kilichotoboa makopo ya maziwa. Kwa hiyo mkwewe Hamdiya alipojifungua mtoto wa kike, na ikawa lazima kiwekwe chuma chini yake mpaka arobaini imalizike, ili mashetani wajue nyumba ina wenyewe, Bi Masouda alibaki na mawili ya kuchagua. Ama watu wazima wale vitunguu vizima vizima, ama kitafutwe chuma kingine.

Chuma kingine kilikuwapo. Kilikuwa ndani ya godoro.

Ulikuwa upanga wa marehemu mumewe, Harub. Si upanga wa Kiarabu huo, maana wa Kiarabu ungeonekana tu ukutani kama wa mtu yeyote. Ulikuwa wa Kijapani, mfupi kidogo, umepinda kama nyusi ya mtu asiyekuamini, na mpini wake umevikwa ngozi ya samaki taa na kusukwa uzi juu yake. Mwaka wa sitini na nne, nyumba za Unguja zilipokuwa zikipekuliwa silaha, Bi Masouda aliushona ndani ya godoro la usufi. Akaulalia Unguja, akaulalia Dar es Salaam miaka na miaka, akaulalia tena Maskati walipopata ruhusa ya kuja, mwaka wa sabini nchi ilipofunguliwa. Mwenyewe akisema mgongo wake umepinda si kwa uzee, umefuata upanga.

Harub aliutoa vitani Burma, alikokuwa mtabibu wa jeshi, kazi yake kufunga majeraha na kugawa kwinini. Aliwahadithia watu wote, watake wasitake, kwamba alimkuta ofisa wa Kijapani chini ya mti, tumbo limemmaliza, wenziwe wamemwacha, mvua inawanyeshea wote wawili bila kuuliza nani adui wa nani. Akampa chai. Yule ofisa akanywa, akainua upanga wake kwa mikono miwili, akauweka mbele ya paji la uso, akainama, akampa. Kabla ya jua kuchwa akafa.

"Nilipewa," Harub akisema. "Sikupora."

Na kila aliyetaka kuushika alilazimishwa aupokee vivyo hivyo, mikono miwili, kichwa chini.

"Bwana, huo ni upanga au sinia la biriani la harusi?" Bi Masouda alikuwa akimtania. Watu walicheka. Kisha wakienda zao walisema, Harub kauvua kwenye maiti, sasa anautafutia maneno mazuri. Na Bi Masouda, mke wake wa ndoa, alikuwa hajui amwamini nani. Alikuwa akimpenda mumewe sana, lakini alishamsikia pia akisema kuwa alikula chatu.

Basi upanga ukafumuliwa kutoka godoroni, ukawekwa chini ya kitanda cha mzazi, katika ile nyumba ya udongo waliyokodi mtaa wa Hamriya. Mtoto akaitwa Muhsina.

Kwanza ilikuwa harufu. Adhuhuri moja, jua limesimama juu ya majabali na hata mbuzi wamejificha, chumba cha mzazi kilinuka mvua. Tena si mvua nzuri ya kwanza ya mwaka. Ilinuka mvua iliyonyesha siku nyingi juu ya majani yaliyooza. Nasriya, dada yake Hamdiya aliyekuja kumhudumia, akapekua kila pembe akitafuta nepi iliyosahauliwa.

Kisha ikawa mtoto halii. Hakulia njaa, hakulia tumbo. Hamdiya alimnyonyesha kwa kukisia. Muhsina alikuwa akilala chali macho wazi, na macho yake yakienda polepole kutoka ukuta huu mpaka ukuta ule, yakasita, yakarudi. Kama anayemfuata mtu anayepita na kurudi mbele ya mlango.

Kisha zikaja nyayo.

Hamdiya ndiye aliyeziona, akapiga ukelele uliomwangusha Nasriya jikoni. Kati ya kitanda na mlango, juu ya sakafu kavu, palikuwa na nyayo mbili za maji. Kisigino cha mviringo, wayo mpana, na mbele umepasuka mapande mawili.

"Kwato," Nasriya akasema, na mara akajuta kusema.

Zilikauka wakizitazama. Kesho yake adhuhuri zikarudi, mahali pale pale.

Bi Masouda alisoma, akafukiza ubani, akanyunyiza maji ya kombe, yale yaliyooshea aya zilizoandikwa. Nyayo hazikujali. Ndipo Thabit, mwanawe, babake mtoto, akamwita ami yake kutoka Qurayyat.

Ami Suud alikuwa mdogo wa Harub, mtu wa mapanga. Sikukuu zote kijijini kwao ndiye aliyeongoza razha, ile ngoma ya panga, akirusha upanga juu mpaka wanawake wafumbe macho, akaudaka. Ujanani aliuza papa mkavu Unguja, na Kiswahili chake mpaka leo kilinuka soko.

"Nipe huo upanga, shemegi."

"Mikono miwili," akasema Bi Masouda.

"Lo! Kaka yangu kafa, kakuachia ukaidi wake."

Akauchomoa. Akaushika kama wanavyoshika wenye razha, akautikisa kwa kifundo cha mkono ili ncha yake itetemeke na kuimba, maana upanga mzuri kwao ni ule unaotetemeka kama ulimi wa nyoka. Haukutetemeka. Akautikisa tena kwa nguvu. Ukanyamaza kimya, umekaza mkononi mwake, na ami akahisi, kama alivyosema baadaye, kwamba kuna mkono wa pili umeushika naye.

Akaurudisha alani haraka, na safari hii mikono miwili.

"Upanga huu si wa kwetu," akasema. "Una mwenyewe, na mwenyewe yumo. Kaka yangu, Mungu amrehemu, kamvua maiti. Maiti kaja kuchukua thamani yake. Kautupeni baharini kabla hajamchukua mtoto."

Hamdiya akamkumbatia Muhsina. "Bimkubwa, mimi nakuheshimu. Lakini upanga ule ukilala hapa tena, mie na mwanangu hatulali."

Thabit akamtazama mamake. Bi Masouda alikuwa akimtazama mjukuu wake, ambaye alikuwa akitazama ukuta huu, na kisha ukuta ule.

"Kama Harub alipora," akasema, "ntautupa kwa mkono wangu, na ntamwombea msamaha kwa yule maskini. Lakini kama alipewa, je? Hidaya haitupwi. Mtu kakupa roho yake, weye unamtupia majini, si ndio utamkasirisha kweli? Kwanza tujue."

"Tutajuaje, mama? Aliyetoa kafa, aliyepokea kafa."

"Weye unafanya kazi wapi, mwanangu? Si unatwambia kila siku Wajapani wanakuja kuchukua mafuta? Basi kamtafute Mjapani." Hamdiya akakubali, shingo upande, upanga ungoje chini ya kitanda mpaka jibu lije.

Na kweli Thabit alikuwa karani kwenye bandari ya mafuta, na meli za Kijapani zilikuwa zikitia nanga huko, kubwa kama mtaa. Maofisa wake walishuka kutia saini karatasi zao, wakanywa kahawa, wakarudi. Meli ya kwanza iliyofuata ilikuwa na ofisa mmoja wa makamo, Bwana Nagase, mpole, mwenye miwani, ambaye babu yake alikuwa mnoa panga. Thabit alipomtajia upanga, akaweka kikombe chini.

"Ulete kesho," akasema kwa Kiingereza chake cha baharini. "Jioni tunang'oa nanga."

Bi Masouda akakataa upanga uende bila yeye. Asubuhi akauvuta chini ya kitanda, akauvika kanga. Mahali pake akaweka kile kisu cha vitunguu, akambusu mtoto, akamwambia Nasriya asimwache peke yake hata akitaka kupiga chafya. Wakati anatoka alimwona Muhsina ametulia, macho yake hayaendi huku wala kule. Moyo wake ukafurahi. Akadhani ni nafuu.

Gari la kampuni liliwatia vumbi mpaka kope. Ofisini, Bi Masouda akafunua kanga, akamnyooshea Bwana Nagase upanga mezani.

Yule bwana akavua kofia. Akaupokea kwa mikono miwili, akauinua mpaka mbele ya paji la uso, akainamisha kichwa.

Hakuna aliyemfundisha. Hakuna aliyemwambia neno.

Bi Masouda akatafuta kiti, akakosa, akakaa juu ya sanduku. Alimwona Harub pale, Harub wa barazani Unguja, anachekwa na watu wazima huku ameinama. Mtu anayemvua maiti upanga haoni unavyotolewa. Haya mambo mumewe asingeweza kuyatunga; mumewe alikuwa mwongo, ndiyo, lakini wa vyakula tu.

"Alipewa," akasema polepole. "Harub, baba watu. Ulipewa."

Bwana Nagase alikuwa ameanza kazi. Alitoa kijiti cha mwanzi kilichofunga mpini kwa upanga, akaugonga mkono wake mmoja kwa ngumi ya mwingine, taratibu, mpaka upanga ukacheza ndani ya mpini na kutoka mtupu. Kitako cha chuma, kile kinachofichwa na mpini, kilikuwa cheusi. Akakisogeza dirishani, asikiguse kwa kidole.

"Kutu nzuri," akasema, na Thabit akatafsiri. "Kutu ya kughushi huwa nyekundu, ina papara. Hii imekaa miaka yake. Na nguo hizi, ala hii na mpini, ni za jeshi, lakini mwili ni wa nyumbani. Mtu kautoa kwao, akauvika sare, akaenda nao vitani."

Pale kwenye kitako palikuwa na maandishi yaliyochongwa. Akaweka karatasi juu yake, akasugua kwa penseli, herufi zikajitokeza nyeupe ndani ya weusi kama mifupa. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Una umri wa miaka kama hamsini. Jina la mfuaji liko hapa. Na upande huu imeandikwa ulifuliwa kwa kuzaliwa mtoto wa kwanza wa nyumba, Seiji. Umkinge." Akatafuta maneno. "Kwetu ni ada ya zamani. Mtoto akizaliwa, anawekewa upanga karibu yake. Vitu vibaya visimsogelee."

Thabit alipotafsiri, Bi Masouda akacheka mpaka machozi. "Kumbe na wao! Wametoka huko kwao mwisho wa dunia, wana arobaini kama sisi! Mwambie mwanangu, mwambie sisi tumeuweka hapo hapo pake!"

Thabit akamwambia. Kisha, kwa haya ya msomi, akamwambia na nyayo. Bwana Nagase hakucheka. Akachukua penseli, akachora kiatu cha kitambaa, kidole gumba mbali na wenziwe mbali.

"Hivi?"

Bi Masouda akaitazama ile kwato. Kumbe kiatu tu.

"Wanajeshi wetu walivivaa msituni," akasema Bwana Nagase. "Muulize mama, vidole vilielekea wapi?"

"Mlangoni," akajibu Bi Masouda. "Kila siku mlangoni." Na hapo akajisikia mwenyewe alilolisema.

Vidole mlangoni. Visigino kitandani. Sote tulidhani amemjia mtoto, kumbe amesimama zamu. Amempa mtoto mgongo, uso wake nje. Anakwenda ukuta huu, anarudi ukuta ule, kama askari yeyote mbele ya lango la mkubwa wake. Na kama kule mlangoni pana askari asiyeondoka mchana kutwa, basi mlangoni pana kitu.

Akautazama upanga, uko mtupu mezani, mbali na Hamriya.

"Thabit," akasema, "nani yuko na mtoto?"

Bwana Nagase hakuhitaji tafsiri. Akaurudisha upanga mpinini, akapigilia kile kijiti, na walipokuwa wakipanda garini akawakimbilia, kofia mkononi, akamwambia Thabit neno moja na maana yake. Thabit akaliandika kiganjani.

"Aflah," Bi Masouda akamwambia dereva, "gari hili linakwenda kwa mafuta au kwa majani ya punda?"

Aflah akaliachia. Bi Masouda aliukumbata upanga kifuani njia nzima.

Walifika adhuhuri. Hamriya nzima ilikuwa imelala. Nasriya alikuwa kibarazani, mdomo wazi, kapitiwa na usingizi ameshika upawa, na wali unaungua jikoni bila yeye kusikia harufu. Thabit akamtikisa, hakuamka. Nje ya mlango wa chumba cha mzazi palikuwa na kitu kinang'aa mchangani. Ni kile kisu chao cha vitunguu. Kilikuwa kimekunjwa, ncha imegusa mpini, kama mtu akunjavyo karatasi ya kahawa.

Ndani, Hamdiya amelala kama aliyemwagwa. Na Muhsina macho, kama kawaida yake. Lakini safari hii hakutazama mlango wala ukuta. Alitazama juu, karibu sana, kama mtoto anavyomtazama mtu aliyemwinamia pua kwa pua. Midomo yake imegeuka rangi ya zambarau. Kifua hakipandi.

Thabit akakwama kizingitini.

Bi Masouda akampita. Akapiga magoti, mikono miwili, kichwa chini, akausukuma upanga chini ya kitanda. "Bwana," akasema kwa Kiswahili, maana ndicho alichokuwa nacho, "tumekukosea. Rudi zamuni."

Mvua ikanuka. Iliwapanda puani wote wawili, majani yaliyooza na matope na moshi wa kuni mbichi. Na pale sakafuni, Thabit akiona kwa macho yake, wayo mmoja ukatota. Kisha wa pili, mbele yake. Kisha wa tatu. Zikatoka kitandani mpaka katikati ya chumba, zikakaa pamoja, vidole mlangoni.

Pazia la mlango lilikuwa limetulia; upepo haukuwapo. Likavimba kwa nje polepole, likampitia Thabit begani baridi kama samaki, kama kwamba kitu kirefu kinatoka kinyumenyume, hakina haraka, hakitaki kutoa mgongo. Kisha likaanguka.

Muhsina akavuta pumzi. Hamdiya akafumbua macho, akauliza nani ameunguza wali.

Walipomweleza, Hamdiya aliinama akatazama nyayo zikikauka, akapima kwa jicho, visigino wapi, vidole wapi. Kesho yake ni yeye aliyemtuma Nasriya apike chai ya rangi, sukari nyingi, na kikombe kikawekwa sakafuni kabla ya adhuhuri. Jioni kilikutwa kitupu. Nasriya aliapa si yeye, lakini Nasriya huapa kwa urahisi. Ami Suud alipokuja tena alikaa kibarazani kwa heshima, akauliza kama bwana mkubwa wa ndani hajambo.

Arobaini ikafika. Mtoto akanyolewa, akakoshwa, akavikwa nguo mpya, Hamdiya akafukizwa udi. Kilichobaki ni kuondoa chuma, na hapo watu wakatazamana. Kisu unakiondoa tu, unakirudisha kwenye vitunguu. Huyu je?

Bi Masouda akawatoa wote chumbani isipokuwa mama na mtoto, na Thabit asimame kizingitini na karatasi aliyoinakili kutoka kiganjani. Akauvuta upanga. Akauinua kwa mikono miwili mbele ya paji lake la uso, kama Harub, kama yule aliyempa Harub. Nyayo zilikuwa pale, zimetota, vidole mlangoni.

"Sema, mama. Go-ku-ro-sa-ma. Ndivyo mkubwa anavyomwambia aliyemfanyia kazi. Pole kwa taabu yako, imetosha."

"Gokurosama," akasema Bi Masouda. Kisha, kwa kuwa neno moja aliliona dogo, akaongeza lake: "Na mume wangu anakusalimu. Huko mliko, usimwamini habari za chatu."

Halafu maji yakasogea sakafuni. Visigino vikazunguka, kimoja, kingine. Kwa mara ya kwanza vidole vilielekea kitandani. Vikakaa hivyo kitambo, kama mtu aliyelinda nyumba muda mrefu bila kuona nani yumo ndani, sasa anaangalia.

Muhsina akatabasamu.

Kisha nyayo zikaanza kukauka, kuanzia kisigino, na harufu ya mvua ikapungua mpaka ikabaki udi peke yake. Mtoto akageuza macho ukuta huu, akageuza ukuta ule. Akatafuta. Uso wake ukakunjana, ukawa mwekundu, na akalia, kilio chake cha kwanza tangu upanga uwekwe chini yake, kirefu, cha hasira, mpaka Nasriya akaingia mbio na upawa mkononi na Ami Suud akauliza kibarazani nani kachinjwa.

Hamdiya alikuwa amesimama tu, machozi yanamtoka, hajui afanye nini na mtoto anayelia.

"Mchukue mwanao," Bi Masouda akamwambia, na yeye bado ameuinua upanga. "Zamu ni yako."